Mchungaji Huyu Ana Kura, Yule Hana: Haki ya Kura katika Kanisa la United Methodist

Chukua watu watatu wa kanisa moja la United Methodist, tuseme la pembezoni mwa Lubumbashi, wanaoingia pamoja kwenye ukumbi wa konferensi ya mwaka. Wa kwanza ni mchungaji kamili, aliyewekewa mikono na kupokelewa rasmi na wachungaji wenzake. Wa pili ni mchungaji wa leseni: amehubiri, amebatiza na kuzika kwa miaka 20, kwenye kanisa lake na kwenye vijiji viwili vya jirani. Wa tatu ni msichana wa miaka 16 anayewakilisha vijana wa wilaya. Likija pendekezo la kurekebisha katiba ya kanisa, mchungaji kamili atapiga kura. Msichana atapiga kura. Mchungaji wa leseni atakaa ameshika kalamu, awatazame.

Hapo hakuna aliyekiuka utaratibu. Ndivyo kinavyosema Kitabu cha Nidhamu, kitabu cha sheria cha kanisa hilo, na walei wengi hawalijui jambo hili mpaka siku wanapomwona mchungaji wao ametulia tuli wakati wao wameinua kadi. Wakishaona huuliza: huyu si ndiye anayetupa meza ya Bwana? Imekuwaje kura akanyimwa?

Kwanza tuelewane ni kanisa lipi. Sizungumzii Kanisa la Methodist la Kenya, lile lililoanzia Ribe mwaka 1862 kwa kazi ya wamisionari Waingereza na likajitegemea mwaka 1967; hilo lina taratibu zake. United Methodist ina mizizi Marekani, na kwa jina hili iliundwa mwaka 1968 Kanisa la Methodist lilipoungana na kanisa la Evangelical United Brethren. Kwa msomaji wa Kiswahili si kanisa la mbali. Lina waumini wengi Katanga, lina makanisa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, na konferensi ya Tanzania iko chini ya eneo la kiaskofu la Katanga Kaskazini. Maana yake, mchungaji wa Dar es Salaam na mwenzake wa Texas wanasoma katiba moja, na kura zao zinahesabiwa kwenye kapu moja.

Chombo cha msingi katika kanisa hili ni konferensi ya mwaka. Wengi wakisikia jina hilo hufikiria mkutano wa siku tatu nne wenye mahubiri marefu na ripoti ndefu zaidi. Kikatiba, konferensi ni jumuiya ambayo mchungaji ni mwanachama wake. Mlei ni mwanachama wa kanisa la mtaa; mchungaji uanachama wake uko konferensi. Siku mlei anapopewa leseni na askofu akampangia kanisa, uanachama wake unahama. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya Jumapili aliyehudhuria kama mjumbe mlei akapiga kura ya katiba, akipewa leseni na kukabidhiwa kanisa, kura hiyo inamtoka mkononi. Amepanda mimbarani, ameshuka kwenye sanduku la kura.

Ndani ya uanachama huo mna ngazi. Juu kabisa wapo wachungaji kamili na mashemasi kamili, ambao kanisa linawaita wanachama wa ushirika kamili. Shemasi hapa si ngazi ya kupitia kuelekea uchungaji kama ilivyokuwa zamani. Tangu mwaka 1996 ushemasi ni huduma ya kudumu, na shemasi aliyepokelewa kikamilifu ana kura sawasawa na mchungaji kamili. Wanafuata wa majaribio, waliokwisha kuanza safari lakini bado wanapimwa. Wapo pia wanachama washiriki, kundi dogo. Halafu wachungaji wa leseni, ambao sehemu nyingi ndio wanaobeba makanisa madogo ya vijijini.

Wote hao wana kura kwenye mambo ya kawaida: bajeti, mipango, maazimio, ripoti za kamati. Mgawanyiko unaanzia kwenye mambo matatu, na kila moja lina mstari wake, jambo linalowachanganya hata wenyeji.

Mlango unapofungwa

Jambo la kwanza ni lile la wachungaji wenyewe: nani awekewe mikono, nani apokelewe, nani asimamishwe, nani astaafu, mwenendo wa nani una dosari. Hili ni la wachungaji na mashemasi kamili peke yao. Wa majaribio hapigi, mshiriki hapigi, wa leseni hapigi, walei hawapigi. Walei waliomo kwenye bodi inayowachuja watumishi na kwenye kamati ya uchunguzi ndio pekee waliofunguliwa mlango, na ruhusa hiyo iko ndani ya katiba.

Kikao chenyewe hufanyika faragha. Askofu anakaa mbele na kuuliza swali ambalo Wamethodisti wamelirithi kizazi kwa kizazi: je, wachungaji wote wa konferensi hii hawana lawama katika maisha yao na katika utendaji wao? Anayetakiwa kujibu si roho ya kila mtu, ni kikao, na kama kuna jina lenye kesi, litatajwa hapo. Kisha wanakuja waombaji. Askofu anawahoji kwa maswali yaliyotoka kwa John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wa Umethodisti: je, una imani katika Kristo? Je, unatarajia kukamilishwa katika upendo ungali hai? Na lile ambalo kila mara huleta vicheko vya chini kwa chini ukumbini: je, una madeni ya kukuaibisha katika kazi yako? Baada ya hapo wanaweza kutolewa nje ili wenzao wajadiliane. Ili mtu apokelewe katika ushirika kamili, bodi lazima iwe imempendekeza kwa theluthi mbili, kisha kikao kimpitishe kwa theluthi mbili tena. Wakiwemo wapiga kura 90, zinatakiwa kura 60. Zikiwa 59, kijana aliyesoma seminari na kutumikia majaribio yake anarudi nyumbani bila kitu, na mwenyekiti wa kikao, yaani askofu, hawezi kumwongezea hata moja.

Maana askofu hana kura. Watu hawaamini wakiambiwa. Mtu anayewapangia wachungaji wote vituo vyao, anayeweza kumtoa mchungaji mjini akampeleka porini kwa barua moja, anaongoza konferensi bila kura, na kwenye Mkutano Mkuu wa kanisa zima vilevile anasimamia mjadala tu. Akichaguliwa kuwa askofu, uanachama wake unatoka konferensi ya mwaka na kuingia Baraza la Maaskofu. Kwa maoni yangu hii ni moja ya busara za mfumo huu: mwenye mamlaka ya kutuma asiwe na mkono katika kumkubali anayetumwa.

Kura ilitoka barabarani

Kwa nini wachungaji kamili tu? Jibu halimo kwenye sakramenti. Mchungaji wa leseni anabatiza na kuendesha meza ya Bwana pale alipopangiwa. Halimo kwenye umri wala miaka ya utumishi pia, na ukianza kutafuta huko utazunguka siku nzima.

Jibu liko kwenye kutumwa. Wesley alipoitisha mkutano wake wa kwanza London mwaka 1744, aliwaita wahubiri waliokuwa tayari kwenda kokote atakakowaelekeza. Marekani, baada ya Wamethodisti kuunda kanisa lao Baltimore mwaka 1784, konferensi ilikuwa ni hao hao: wahubiri wa safari, watu wa farasi na mikoba, wasio na nyumba. Waliahidiana. Mimi nitakwenda nitakakopelekwa, nawe utakwenda utakakopelekwa, na kwa kuwa tumebeba mzigo mmoja, sisi ndio tutakaoamua nani ajiunge nasi na nani atoke. Kura ilikuwa tunda la agano hilo.

Kando yao walikuwepo wahubiri wa mahali, watu wenye mashamba na ufundi wao, waliohubiri vijijini mwao wiki baada ya wiki wakati mhubiri wa safari hajarudi. Walikuwa wengi kuliko wa safari, na konferensi haikuwapa kura. Manung'uniko yao, pamoja na ya walei waliotaka uwakilishi na ya waliotaka mamlaka ya maaskofu yapunguzwe, yalizaa ugomvi wa miaka ya 1820, baadhi wakafukuzwa, na mwaka 1830 likazaliwa kanisa jingine, la Methodist Protestant. Walei wanaume waliingia Mkutano Mkuu wa Kanisa la Methodist Episcopal, lile lililoundwa Baltimore, mwaka 1872. Wanawake walei walichaguliwa mwaka 1888, akiwemo Frances Willard aliyekuwa na jina kubwa katika harakati za kupinga ulevi, wakakataliwa kuketi. Waliketi kwa mara ya kwanza mwaka 1904.

Upande wa wanawake wachungaji ndipo utaratibu huu unapoonekana wazi zaidi. Mwaka 1924 kanisa lilikubali wanawake wawekewe mikono kama wahubiri wa mahali, lakini likawafungia uanachama wa konferensi. Mwanamke aliweza kubatiza na kufungisha ndoa. Kwenye kikao hakuwa na kura, na kwa sababu hakuwa mwanachama, askofu hakulazimika kumpa kituo. Ilichukua miaka 32. Mei 1956, Mkutano Mkuu uliokaa Minneapolis uliwafungulia wanawake haki zote za uchungaji, na mwezi huohuo Maud Keister Jensen akapokelewa na konferensi moja ya Pennsylvania. Mwenyewe hakuwepo ukumbini; alikuwa mmisionari Korea. Hata ubishi ule haukuhusu kama mwanamke anaweza kuhubiri, kwani walikuwa wakihubiri tayari. Ulihusu kama atakuwa mmoja wa wale wanaoamua.

Basi ukimuuliza mzee wa konferensi kwa nini wa leseni hana kura juu ya wenzake, atakuambia: hajaingia agano. Mchungaji kamili amekubali kutumwa popote, na kanisa limekubali kumpa kituo siku zote. Mkutano Mkuu wa mwaka 2012 ulijaribu kuiondoa dhamana hiyo ya kituo, na Baraza la Mahakama la kanisa likaubatilisha uamuzi. Mchungaji wa leseni hana dhamana hiyo. Askofu asipompangia, leseni inabaki karatasi. Kwa kikao cha mwenendo na mikono, mimi naikubali hoja hii. Wenye kubeba mzigo mmoja wahukumiane wenyewe.

Kuchagua bila kuchaguliwa

Jambo la pili ni kuchagua wajumbe wa kwenda Mkutano Mkuu. Nusu ya wajumbe ni wachungaji, nusu ni walei. Walei huchaguliwa na walei, wachungaji na wachungaji. Hapa ndipo wanapotofautiana na Waanglikana wanaojulikana zaidi kwetu. Kwa Waanglikana, sinodi ina nyumba ya maaskofu, ya makasisi na ya walei, na kwa mambo mazito kila nyumba huhesabiwa peke yake. Ndiyo maana Novemba 2012 Kanisa la Uingereza lilishindwa kupitisha maaskofu wanawake kwa upungufu wa kura 6 tu za nyumba ya walei, hali nyumba mbili nyingine zimekubali. Wamethodisti wanatengana wakati wa kuchagua wajumbe, kisha wajumbe wakifika mkutanoni wanakaa na kupiga kura pamoja.

Kwa miaka mingi wachungaji wa leseni hawakuwa na sauti katika uchaguzi huo. Mkutano Mkuu wa mwaka 2008, uliofanyika Fort Worth, ulipeleka kwenye konferensi marekebisho 32 ya katiba. Mengi yalianguka, yakapita matano. Moja kati ya hayo ndilo lililowafungulia: mchungaji wa leseni aliyemaliza kozi maalumu ya masomo ya kanisa au shahada ya uzamili ya theolojia, na ambaye ametumikia kwa uteuzi walau miaka miwili mfululizo kabla ya uchaguzi, anaruhusiwa kuchagua wajumbe wachungaji. Wa majaribio aliyekamilisha masomo yake yote naye anaruhusiwa, na mwanachama mshiriki pia.

Lakini wao wenyewe hawawezi kuwa wajumbe. Anayepigiwa lazima awe mchungaji au shemasi kamili. Na kwa kuwa leseni imemtoa kwenye walei, hawezi kuingia kwa mlango huo pia. Mtu huyu anaruhusiwa kuchagua wajumbe wachungaji, kuchaguliwa hakuna.

Anayedhani hizo kura chache hazina uzito aitazame Februari 2019. Mkutano Mkuu wa dharura huko St. Louis ulipitisha mpango wa kukaza marufuku dhidi ya wachungaji wa mapenzi ya jinsia moja na ndoa zao, kura 438 kwa 384. Tofauti ni 54. Wajumbe 28 wangegeuka, matokeo yangegeuka nao. Miezi michache baadaye konferensi za Marekani zikachagua wajumbe wapya, na nyingi zikawapeleka watu wenye msimamo tofauti. Kilichofuata kinajulikana: makanisa zaidi ya 7,600 ya Marekani yakajitoa kati ya 2019 na 2023, na Mkutano Mkuu ulioahirishwa kwa sababu ya korona ukaketi Charlotte mwaka 2024 na kuiondoa marufuku ile. Baadhi ya wajumbe wa Afrika hawakufika Charlotte kwa matatizo ya viza, kura zao zikabaki nyumbani. Msimamo wowote ulio nao juu ya suala lile, huwezi kuelewa kilichotokea bila kujua nani alikuwa na haki ya kushika kalamu siku wajumbe walipochaguliwa.

Katiba

Jambo la tatu ndilo linalonikera, na ndilo la yule mchungaji wa leseni na msichana wa miaka 16.

Ili katiba ibadilike, Mkutano Mkuu lazima upitishe kwa theluthi mbili, kisha pendekezo liende kwenye kila konferensi ya mwaka duniani. Hazihesabiwi konferensi, wanahesabiwa watu. Kura zote za waliokuwepo na kupiga, kuanzia Manila hadi Kolwezi, zinajumlishwa, na jumla hiyo lazima ifike theluthi mbili. Mchungaji wa Bujumbura ana uzito uleule wa mchungaji wa Atlanta, usawa ambao haupatikani kirahisi kwingine, maana kwenye Mkutano Mkuu idadi ya wajumbe hutegemea wingi wa wachungaji na waumini wa kila konferensi, na konferensi ndogo hupata mchungaji mmoja na mlei mmoja basi.

Sasa kwenye kura hii ya watu, walei wote wa konferensi wana haki, pamoja na vijana wa miaka 12 hadi 17 ambao katiba yenyewe inataka kila wilaya iwalete. Ni jambo zuri; kanisa la kesho ni lao. Upande wa wachungaji, haki ni ya ushirika kamili tu. Wa majaribio, mshiriki na wa leseni wamewekwa kando.

Hoja ya agano hapa inapwaya. Nikikubali kwamba walioahidiana kutumwa ndio waamue nani ajiunge nao, siwezi kukubali kwamba katiba ya kanisa zima ni mali ya walioahidiana, kwa sababu walei hawakuahidi kutumwa popote na bado wanapiga. Wanaotetea utaratibu huu husema mchungaji wa leseni anaweza kuwa ameingia mwaka huu na kutoka mwakani, hana mizizi. Lakini mizizi ya mtu aliyelea kanisa moja kwa miaka 20 inakosekanaje, wakati ya mjumbe mlei wa mara ya kwanza ipo? Na kwa Kitabu cha Nidhamu cha mwaka 2016 mwisho wa safari ulifanana na mwanzo wake: mchungaji kamili akistaafu aliendelea kuwa na kura mpaka anaingia kaburini, wa leseni akistaafu aliruhusiwa kuhudhuria na kusema, kura hakuwa nayo.

Marekebisho manne yaliyotoka Charlotte yalizunguka konferensi kwa utaratibu huohuo, na Novemba 2025 maaskofu wakatangaza kwamba yote yamepita. Lililovuma ni la kugawa kanisa katika kanda zenye mamlaka sawa, lililopata asilimia 91.6 ya kura. Moja halikuandikwa sana magazetini: lile lililofafanua ni elimu gani inayomruhusu mchungaji asiye wa ushirika kamili kuchagua wajumbe. Kwa makanisa yetu hilo ndilo lenye meno. Shahada ya uzamili ya theolojia iliandikwa kwa kuzifikiria seminari za Marekani. Mchungaji aliyesoma chuo cha Biblia cha Kongo, kwa Kifaransa, bado lazima athibitishiwe kwamba masomo yake yanahesabika kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya wapiga kura.

Kwa mfumo mpya wa kanda, viwango vya elimu na sifa za wachungaji vinaweza kupangwa na kanda yenyewe. Konferensi za Kongo na Tanzania zitaweza kukaa na kuamua masomo yapi yanamtosha mtu kupokelewa katika ushirika kamili, na wakitaka, wachungaji wengi wa leseni wanaweza kusaidiwa kuvuka ngazi hiyo na kupata kura zote kwa mpigo. Kuwapa kura ya katiba wakiwa bado na leseni ni shauri jingine. Hilo halimalizwi na kanda moja.